Kompyuta ya hospitali ikiachwa wazi, siri yako i mashakani

TUSEME umeketi mbele ya daktari, naye anaitwa ghafla akamhudumie mgonjwa aliyezidiwa. Anaondoka mbio na kukuacha peke yako chumbani. Mezani kuna kompyuta inayong'aa. Ukitupa jicho tu, utaona jina la mtu, umri wake, ugonjwa unaomsumbua na dawa anazotumia. Huenda mtu huyo ni jirani yako. Na kesho, atakayeketi kwenye kiti hicho huenda akaona habari zako wewe.

Kuna kinga ya jambo hili, nayo imo ndani ya kompyuta yenyewe. Ni mpango unaomtoa mtumiaji katika akaunti yake akikaa muda fulani bila kugusa mashine. Wengi wetu tunaujua kwa ubaya wake tu: umeandika nusu ya fomu, ukaitika simu, na uliporudi ukakuta mashine inakuuliza tena neno la siri. Lakini hospitalini mpango huu ni sehemu ya matibabu, na kama dawa yoyote ile, una kipimo chake. Ukipungua haufai, na ukizidi unadhuru.

Kutoka faili hadi skrini

Zamani, na hata leo katika vituo vingi, habari za mgonjwa ziliandikwa kwenye kadi au daftari ambalo mgonjwa mwenyewe alilibeba nyumbani, au kwenye faili iliyofungiwa kabatini. Faili moja ilikuwa na mgonjwa mmoja. Mtu aliyetaka kuisoma ilibidi aichukue mkononi, na aliyeichukua alionekana.

Mambo yalianza kubadilika hapa kwetu mwaka wa 2001, wakati kituo cha afya cha Mosoriot, katika eneo la Nandi, kilipoanza kuhifadhi habari za wagonjwa kwa kompyuta. Kazi hiyo ilifanywa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Kutokana na juhudi kama hizo ilizaliwa programu ya OpenMRS, ambayo sasa inatumika katika nchi nyingi. Mfumo wa KenyaEMR, uliojengwa juu ya programu hiyo, ulisambazwa katika mamia ya vituo vya afya nchini, hasa kwa ajili ya kuwafuatilia wagonjwa wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya HIV.

Faida zake ni nyingi. Afisa wa kliniki anaweza kujua mara moja kwamba mgonjwa hakuja kuchukua dawa zake mwezi uliopita. Matokeo ya maabara hayapotei. Hata hivyo, kompyuta moja haibebi faili moja. Hiyo moja iliyo wadini inaweza kufungua habari za maelfu ya watu, na watumiaji wake ni wengi: wauguzi wa zamu ya asubuhi, wa jioni na wa usiku, madaktari, wanafunzi na makarani. Ikiachwa wazi, ni sawa na kuliacha kabati zima la faili wazi, ufunguo ukiwa mlangoni.

Mashine inajuaje kwamba umeondoka?

Ukweli ni kwamba haijui. Kompyuta haina macho ya kuona kiti kitupu. Inachofanya ni kuhesabu muda. Kila unapobonyeza herufi au kusogeza kipanya, hesabu hurudi kwenye sufuri na kuanza upya. Ukikaa kimya, hesabu inaendelea. Ikiwa kikomo kimewekwa dakika 5, basi ikifika sekunde 300 mashine inachukulia kwamba hupo.

Baada ya hapo kuna mambo mawili yanayoweza kutokea, na inafaa kuyatofautisha. La kwanza ni kufungwa kwa skrini. Kazi yako inabaki ndani kama ulivyoiacha, ila huwezi kuiona mpaka uandike neno la siri. Ni kama kufunga mlango wa chumba huku vitu vyako vimebaki mezani. La pili ni kutolewa kabisa. Kazi inakatizwa, na anayetaka kuingia, awe wewe au mwenzako, huanza upya.

Katika mifumo inayotumia mtandao, hesabu hufanywa pia kwenye seva, yaani ile kompyuta kuu inayohifadhi habari zote. Unapoingia, seva hukupa kitu mfano wa tiketi. Kila ukurasa unaoufungua, tiketi hiyo huonyeshwa. Muda ukipita bila kuonyeshwa, seva huifuta. Hata mtu akifufua ukurasa wa zamani uliokuwa kwenye skrini, tiketi imekwisha kufa na hapati kitu kipya.

Kutokana na maelezo haya, utaona udhaifu uliopo. Kwanza, mtu anayesoma ripoti ndefu bila kugusa chochote huhesabiwa kuwa ameondoka, ilhali yupo. Pili, kuna kurasa zinazojisasisha zenyewe kila baada ya muda mfupi. Mfumo usipotengenezwa kwa makini, seva hudhani kuna mtu anafanya kazi, na tiketi haifi usiku kucha.

Udhaifu wa tatu ndio mkubwa zaidi. Mashine haijui ni mkono wa nani unaobonyeza. Iwapo muuguzi ataondoka na mtu mwingine aketi mahali pake kabla ya dakika 5 kwisha, hesabu hurudi kwenye sufuri kwa faida ya huyo aliyeketi. Anaweza kuendelea saa nzima kwa jina la muuguzi aliyeondoka. Ndiyo sababu mpango huu ni wavu wa kumdaka anayeanguka tu. Hauchukui mahali pa mtu kujitoa mwenyewe anapoinuka.

Si suala la siri pekee

Watu wengi wakisikia habari hizi hufikiria siri tu. Siri ni muhimu, na tutairudia. Lakini kuna hatari nyingine inayogusa uhai moja kwa moja: dawa kuandikwa kwa mgonjwa asiyehusika.

Tuchukue mfano. Afisa wa kliniki amefungua ukurasa wa mama mmoja ambaye mwili wake haupatani na dawa za jamii ya penisilini. Anaitwa wadi ya watoto na kuiacha kompyuta wazi. Mwenzake anaingia na mgonjwa mwingine mwenye nimonia, anaona mfumo umefunguliwa, na kwa haraka anaagiza amoksilini bila kutazama jina lililo juu ya ukurasa. Dawa hiyo ni ya jamii ya penisilini. Sasa imeandikwa kwa yule mama, ambaye inaweza kumsababishia vipele, kubanwa na pumzi na hata kifo. Mgonjwa wa nimonia naye anaenda dirishani kuchukua dawa na kuambiwa hana dawa iliyoandikwa.

Isitoshe, agizo hilo limehifadhiwa kwa jina la afisa wa kwanza, ambaye wakati huo alikuwa wadi ya watoto akiokoa maisha. Mifumo ya kisasa huweka kumbukumbu ya nani aliandika nini na saa ngapi. Madhara yakitokea, kumbukumbu hiyo ndiyo itakayofunguliwa kwanza, nayo itamtaja mtu asiyehusika. Muuguzi au daktari anayeacha akaunti yake wazi ameacha sahihi yake kwenye karatasi tupu.

Kwa sababu hii, kujitoa kwenye kompyuta kunafanana na kunawa mikono kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Mikono isiyonawiwa huhamisha viini kutoka kitanda hiki hadi kile. Ukurasa usiofungwa huhamisha makosa vivyo hivyo.

Siri ikivuja, matibabu hukatika

Sasa turudi kwenye siri. Mtu mwenye HIV anayejua kwamba habari zake zimeonekana na jirani anaweza kuacha kwenda kliniki. Akiacha dawa, virusi vilivyokuwa vimelazwa huamka na kuongezeka mwilini, na huenda vikawa sugu kwa dawa alizokuwa akitumia. Anaweza pia kumwambukiza mwenzake, jambo ambalo lisingetokea kwa njia ya ngono wakati virusi vyake vilikuwa vimepungua kiasi cha kutoonekana kwenye vipimo. Msichana aliyekwenda kupimwa mimba, mwanamume anayetibiwa maradhi ya akili, mke aliyeeleza kwamba amepigwa nyumbani, wote hawa wanategemea kwamba waliyomwambia daktari yatabaki kwa daktari. Skrini moja iliyoachwa wazi kwa dakika 10 kwenye ukumbi wenye watu inatosha kuvunja imani iliyojengwa kwa miaka.

Sheria zetu zinalitambua jambo hili. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda haki ya kila mtu kuwa na faragha. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti HIV na Ukimwi ya 2006 inakataza kufichua matokeo ya kipimo cha HIV cha mtu bila idhini yake, isipokuwa katika hali zilizotajwa na sheria. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inasema habari za mgonjwa ni za siri. Kisha Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ikaziweka habari za afya katika kundi la habari nyeti, na kuwataka wanaozihifadhi wawe na njia zifaazo za kuzilinda. Habari zikifikiwa na asiyeruhusiwa, na kukiwa na hatari ya kweli ya mwenyewe kudhurika, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa katika muda wa saa 72.

Marekani imeutaja mpango huu waziwazi. Kanuni zao za usalama wa habari za afya, zilizotolewa mwaka wa 2003, zinaorodhesha kumtoa mtumiaji baada ya muda wa ukimya miongoni mwa kinga ambazo kila hospitali inapaswa kuzizingatia. Hata hivyo, kanuni hizo hazikutaja dakika. Ziliachia kila mahali paamue kulingana na hali yake, na hapo ndipo penye ugumu.

Kipimo kikizidi

Mtu anaweza kusema: kama ni hivyo, basi mashine zote na zijifunge baada ya dakika 1. Ngoja kidogo, msomaji.

Fikiria muuguzi wa zamu ya usiku mwenye wagonjwa wengi na kompyuta moja. Anaandika maelezo ya mama aliyejifungua: damu iliyotoka, mpigo wa moyo, uzani wa mtoto. Kengele ya kitanda kingine inalia. Anakwenda kutazama na kurudi baada ya dakika 6. Mfumo umemtoa, na yote aliyoandika yamepotea. Anaandika upya, anaitwa tena, yanapotea tena. Mara ya tatu atayaandika kwa ufupi, au atayaacha hadi asubuhi atakapokuwa amesahau nusu yake. Hapo kinga imegeuka kuwa ugonjwa.

Tena binadamu akibanwa hutafuta njia ya kupenya. Mwaka wa 2015 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Ross Koppel walichapisha maelezo ya jinsi wahudumu wa hospitali nchini mwao wanavyoikwepa mipango ya namna hii. Katika sehemu fulani kulikuwa na vifaa vya kutambua kama mtu yuko karibu na kompyuta. Wahudumu waliona vinawatoa ovyo, wakavifunika kwa vikombe vya plastiki laini ili vidhani mtu yupo daima. Kwingineko, mtu wa cheo cha chini kabisa katika kundi la madaktari alipewa kazi ya kupita akibonyeza kibodi za wenzake ili mashine zisijifunge.

Hatuna haja ya kuvuka bahari kutafuta mifano. Neno la siri lililoandikwa kwenye karatasi na kubandikwa kando ya skrini, au akaunti moja inayotumiwa na wadi nzima, ni matunda ya jambo lilo hilo. Watu hao si wabaya. Wanataka kumfikia mgonjwa upesi, na mashine imewasimamia njiani. Lakini matokeo ni kwamba kinga iliyokazwa kupita kiasi huacha hospitali bila kinga yoyote, na hata kumbukumbu ya nani aliandika nini inakuwa haina maana.

Kipimo kifaacho

Basi hospitali ifanye nini? Jambo la kwanza ni kuacha kutumia kipimo kimoja kila mahali. Kompyuta iliyo kwenye dirisha la mapokezi au kwenye ukumbi ambamo wageni wanapita inahitaji muda mfupi, dakika 2 au 3 hivi. Ile iliyo ndani ya ofisi ya daktari inayofungwa kwa ufunguo inaweza kuvumilia 10 au 15. Chumba cha upasuaji kinahitaji mpango wake maalumu, maana daktari mwenye glavu zenye damu hawezi kuandika neno la siri, na skrini inayoonyesha mapigo ya moyo ya mgonjwa haipaswi kuzimika hata kidogo.

Jambo la pili ni kuonya kabla ya kufunga. Maneno yakitokea kwenye skrini kwamba zimebaki sekunde 30, aliyepo anayesoma atagusa kipanya na kuendelea.

La tatu, na pengine lenye manufaa kuliko yote, ni mfumo kuhifadhi kazi isiyokamilika. Muuguzi akitolewa, akirudi ayakute maneno yake pale pale alipoyaachia, chini ya jina lake na la mgonjwa wake. Mtu asiyepoteza kitu hana sababu ya kupigana na mashine.

La nne ni kurahisisha kuingia. Ziko hospitali duniani ambako mhudumu hugusisha kadi yake ya kazi kwenye kifaa na kuingia, akigusisha tena anatoka. Mahali ambapo hakuna pesa za kadi, kuna njia isiyogharimu kitu. Katika kompyuta zinazotumia Windows, ukibonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi L, skrini hujifunga mara moja. Ila mashine ikiwa ni ya watu wengi, ipangwe ili mwenzako aweze kuingia kwa jina lake bila kukungoja wewe urudi. Ikiwa haiwezi, basi jitoe kabisa badala ya kufunga skrini, usije ukamzuia mtu mwenye dharura.

Aidha, skrini igeuzwe mahali ambapo wanaopita hawaioni. Hili halihitaji fundi.

Wewe mgonjwa unaweza nini?

Msomaji, usidhani haya ni ya wakubwa peke yao. Unapohudumiwa, una haki ya kuuliza kwa adabu: "Sista, naomba uhakikishe kwamba ukurasa huo ni wangu." Mtajie jina lako kamili na mwaka wako wa kuzaliwa kabla hajaandika dawa. Mhudumu mwema hatakasirika. Na ukifika dirishani, soma jina lililo kwenye pakiti ya dawa kabla ya kuondoka.

Ukiona skrini imeachwa wazi na hakuna mtu, usiisome wala usiiguse. Ukumbuke kwamba ukiigusa, hata kwa nia njema, unaiambia mashine kwamba mwenyewe yupo. Mwite mhudumu aliye karibu umweleze. Ikiwa habari zako zimefichuliwa, anza kwa kumwona msimamizi wa kituo. Usiporidhika, unaweza kupeleka malalamiko kwa Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data.

Vilevile, wengi wetu sasa hufungua akaunti za serikali na za bima ya afya kwenye mashine za saiba, au kwenye simu ya kuazima. Usitegemee kwamba akaunti itajifunga yenyewe baadaye. Tafuta neno la kutoka, libonyeze, na ungoje hadi uone ukurasa wa kuingilia umerudi. Kufunga dirisha la programu pekee hakutoshi, kwa maana anayefuata anaweza kulifungua na kukuta tiketi yako ingali hai. Mashine ikikuuliza kama ihifadhi neno lako la siri, kataa. Na kama umechapisha karatasi ya matokeo ya maabara, mwambie mwenye saiba aifute nakala iliyobaki kwenye mashine yake, nawe umwone akiifuta.

Wazee walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Ukimweleza daktari maradhi yako, umemfanya kuwa kata hiyo, na leo kata hiyo imeunganishwa na kompyuta. Mashine ijifunge kwa wakati ufaao, mhudumu naye ajitoe kila anapoinuka kitini. Hapo mgonjwa atasema ukweli wote chumbani mwa daktari bila hofu, na daktari anayeambiwa ukweli wote ndiye anayeweza kumtibu.